Kengele ya saa kumi alfajiri, na simu iliyokuwa imelala

Mama alipewa dawa ya kumeza kila baada ya saa nane kwa siku kumi, dozi ya kwanza akaimeza saa mbili usiku, kwahiyo ya pili ilikuwa saa kumi alfajiri na ya tatu saa sita mchana. Mi kazi yangu ni kuandika app za simu, nikasema hamna haja mama akeshe anaangalia saa ukutani, wacha nimtengenezee app ndogo ya kumkumbusha, tena itunze na kumbukumbu ya kila dozi aliyomeza na saa aliyomeza maana daktari alitaka kuiona atakaporudi, na kengele ya kawaida ya simu hilo haiwezi. Nikakaa nayo siku nzima. Nikaijaribu mezani kwangu, dakika mbili inalia, dakika tano inalia, saa nzima inalia, nikaridhika nikamwekea kwenye simu yake jioni ileile.

Saa kumi ikapita kimya. App ikaja kulia saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, mama yuko macho zamani anaendelea na shughuli zake, akanipigia: "Mwanangu, hii kengele yako ndo inalia sasa hivi, nimeze hii au nisubiri ile ya saa sita?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia ampigie daktari, akampigia, akaelekezwa cha kufanya, lakini ile sauti yake ya kuniamini mimi na kengele yangu ilinikaa kichwani wiki nzima, na ndo sababu naandika haya yote leo.

Sasa tuanze na kilichotokea, maana kina mahesabu yake na yanapendeza ukishayaelewa. Kutoka saa mbili usiku mpaka saa tano kasoro dakika kumi ni saa 14 na dakika 50. Mi niliagiza app isubiri saa 8 halafu ilie. Ukitoa, kuna saa 6 na dakika 50 zimepotea mahali. Zimeenda wapi? Simu ilikuwa imelala. Na simu ya Android ikilala fofofo, kuna saa ya ndani inayolala nayo.

Yani ndani ya Android kuna saa zaidi ya moja. Kuna ile ya ukutani, ndo unayoiona juu ya skrini, hiyo mtu anaweza kuirudisha nyuma au kuisogeza mbele. Kuna inaitwa elapsedRealtime, inahesabu tangu simu iwashwe na haisimami hata simu ikilala. Halafu kuna uptimeMillis, na hii nayo inahesabu tangu simu iwashwe ila prosesa, yani ubongo wa simu, ikilala inasimama, prosesa ikiamka inaendelea pale ilipoachia. Mi nilitumia Handler na postDelayed, kitu cha kwanza kabisa mtu anachofundishwa akitaka kuchelewesha jambo, na postDelayed inahesabu kwa uptimeMillis. Kwahiyo app yangu haikukosea hata sekunde moja, ilisubiri saa 8 kamili za simu kuwa macho. Mi ndo nilidhani saa za simu kuwa macho na saa za dunia ni kitu kimoja.

Na kwanini mezani ilikuwa inafanya kazi? Kebo. Simu yangu ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta muda wote nikiandika kodi, yani yale maelekezo app inayoyafuata, kwahiyo iko kwenye chaji, na simu iliyo kwenye chaji haiingii kwenye ule usingizi mzito ambao Android inauita Doze, tena simu nyingi zikiwa zimeunganishwa na kompyuta hata prosesa yenyewe hailali. Nilikuwa naipima simu ambayo haijawahi kufumba macho, halafu nikaipeleka app kwenye simu inayolazwa kwenye stuli kando ya kitanda, haiko kwenye chaji, haiguswi, imezimwa skrini usiku kucha. Hizo ni dunia mbili tofauti kabisa, na nadhani nusu ya malalamiko yote ya "kwangu inafanya kazi" kwenye app za simu yanatokea hapo kwenye kebo.

Watu wengi wanafikiri simu kulala maana yake skrini imezimika basi. Skrini ni mlango tu. Ikishazimika na hamna kazi inayoendelea, mfumo unailaza prosesa, sehemu kubwa ya simu inakuwa kama imezimwa, zinabaki sehemu chache ndogo zinazokula umeme kidogo sana: ile chipu ya mtandao inayosikiliza kama kuna anayekupigia, na ile saa ndogo ya maunzi inayoweza kuagizwa kuwa ikifika muda fulani iiamshe prosesa. Ndo maana simu ikiwa imelala bado mtu akikupigia inaita. Chipu ya mtandao imegonga mlango, prosesa imeamka. Kengele halisi nayo hivyohivyo, unaiachia ile saa ya maunzi ujumbe, wewe na app yako mnalala, muda ukifika inakuamsha. App yangu haikuacha ujumbe kwa mtu. Ilikaa yenyewe inahesabu, ikapitiwa na usingizi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na nililifanya usiku uliofuata kwa sababu nilikuwa na haraka na nina hofu. Nikasema kama tatizo ni simu kulala basi nisiiache ilale. Android ina kitu kinaitwa WakeLock, yani kufuli, ukilishika prosesa hailali mpaka uliachie, na aina yake inayotumika sana ni PARTIAL_WAKE_LOCK ambayo skrini inaweza kuzimika lakini prosesa inabaki macho. Nikalishika kufuli saa mbili usiku nikapanga kuliachia kengele ikishalia. Na kwakuwa app ilikuwa na huduma ya mbele, ile inayokaa na kinotifikesheni chake pale juu muda wote, mfumo ukaliheshimu kufuli langu. Saa kumi alfajiri kengele ikalia sawasawa, mama akameza dawa, nikafurahi sana.

Asubuhi akaniambia betri ilikuwa imejaa karibu yote alipolala na sasa iko nusu na chini, akasema labda simu imeshazeeka. Mama wa watu anailaumu simu yake kwa kosa langu! Hakuna kwenye skrini kilichomwambia kuwa kuna app imekaa usiku kucha imeishika prosesa mkono, maana skrini ilikuwa nyeusi, simu imetulia kabisa kwenye stuli, haina joto la kutisha, haina sauti. Hii ndo inaniuma kwenye haya mambo ya chaji: mwenye simu analipa na haoni anachokilipia, na akiona chaji inaisha anaanza kupunguza mwanga, anazima mtandao, anafikiria kununua betri, wakati kuna mistari miwili ya kodi mahali imeandikwa na mtu ambaye hatamuona maisha yake yote.

Siku ile nikaenda kwa mama na kompyuta nikaichomeka simu yake, nikaandika adb shell dumpsys power (adb ni kifaa cha kuiamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta), na kwenye lile gazeti refu la maandishi linalotoka ukishuka chini kidogo kuna sehemu inaorodhesha makufuli yaliyoshikwa muda huo. Likawepo langu, na jina nililolipa mwenyewe. Lakini yalikuwepo mawili! Nikashangaa maana kodi yangu ina kufuli moja. Kufuatilia, kumbe mama alipobonyeza "nimemeza" njia moja ya kodi ilitengeneza kufuli jipya kwa ajili ya kuandika kumbukumbu, na kuandika kule kulipata hitilafu kabla haijafika kwenye mstari wa kuliachia, kwahiyo kufuli likabaki limeshikwa, kengele imelia, dawa imemezwa, kazi imeisha, na prosesa bado haijaruhusiwa kulala. Kama unatumia WakeLock naomba ushike haya mawili. La kwanza kuachia kukae ndani ya finally, ile sehemu ya kodi inayotekelezwa kwa vyovyote vile, ili hata kazi ikiharibika kufuli liachiwe. La pili unaposhika mpe muda wa mwisho, acquire inapokea milisekunde, mpe hata dakika moja, ili ukisahau mfumo ukusaidie kuachia. Na kuna jambo dogo linalochanganya watu: kufuli moja linahesabu, ukilishika mara mbili inabidi uliachie mara mbili, isipokuwa umezima hiyo hesabu mwenyewe kwa setReferenceCounted.

Lakini ukweli ni kwamba kwa kazi yangu sikuhitaji kufuli kabisa. Kushika kufuli saa 8 ili usubiri ni sawa na kukesha umesimama mlangoni usiku kucha kwa sababu una mgeni alfajiri, wakati ungeweza kutega kengele ukalala. Kufuli ni la kazi inayofanyika sasa hivi, sekunde chache, kuandika faili, kumalizia kupokea kitu. Kusubiri ni kazi ya mfumo.

Nikarudi kusoma vizuri jinsi Android ilivyofika hapa, na inasaidia kujua historia kwa sababu ushauri mwingi unaoukuta mtandaoni ni wa enzi iliyopita. Zamani app ilikuwa na uhuru mkubwa, ikitaka kuamka kila dakika inaamka, na simu yenye app thelathini kila moja na ratiba yake ilikuwa hailali kabisa, hii ikitoka ile inaingia. Android 5.0 mwaka 2014 ikaleta JobScheduler, wazo lake likiwa app iseme inataka nini na kwa masharti gani, labda simu ikiwa kwenye chaji, labda ikiwa na Wi-Fi, halafu mfumo uzikusanye kazi za app nyingi uzifanye kwa mkupuo. Kisha Android 6.0 mwaka 2015 ikaleta Doze yenyewe. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, imetulia haisogezwi, skrini imezimwa kwa muda, mfumo unaanza kuzizuia app: mtandao hamna, makufuli ya app za kawaida hayatambuliwi, kengele za kawaida zinasogezwa mbele, kazi za JobScheduler zinasubiri. Kila baada ya muda unafunguliwa upenyo mfupi, app zote zinafanya mambo yao haraka, halafu upenyo unafungwa, na kadiri simu inavyozidi kutulia penyo zinazidi kuwa mbali. Mwaka 2016 Android 7.0 ikaongeza kusinzia kwepesi hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Mwaka 2018 Android 9 ikaanza kuzipanga app kwenye madaraja kutokana na mtu anavyozitumia, app unayoifungua kila siku inapewa nafasi zaidi, ile uliyoisahau inashushwa.

Hilo la madaraja lilinifikirisha sana kwa app ya dawa. Mama haifungui app yangu. Hana sababu ya kuifungua, kazi yake ni kulia. App nzuri ya aina hii ndo ile usiyoigusa, na mfumo unaiona kama haitumiki. Sijui kama kuna njia ya kulimaliza hili kabisa, ila angalau akibonyeza kwenye notifikesheni inahesabika kuwa ameitumia, kwahiyo nikahakikisha "nimemeza" inabonyezwa kwenye notifikesheni yenyewe.

Sasa kengele. Kwa AlarmManager, ile sehemu ya Android ya kutegea kengele, kuna njia kadhaa na tofauti zake ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Kuna set ya kawaida, hiyo mfumo unaruhusiwa kuisogeza, inafaa kwa mambo ambayo yakichelewa hamna anayeumia. Kuna setExactAndAllowWhileIdle, hii inalia hata simu ikiwa kwenye Doze lakini ina kipimo, simu ikiwa imelala hivyo app moja haiwezi kuitumia zaidi ya mara moja kwa dakika 9. Halafu kuna setAlarmClock, hii ni ya kengele ambayo binadamu anaisubiri, mfumo unaijua hivyo, unaonyesha hata kile kialama cha kengele juu ya skrini, na muda wake ukikaribia mfumo wenyewe unatoka kwenye Doze mapema kidogo ili ilie kwa wakati. Dawa ya saa kumi alfajiri ni kengele ya binadamu. Nikatumia hiyo, nikafuta Handler, nikafuta kufuli, nikafuta huduma ya mbele, faili lililokuwa na mistari mia mbili na kitu likabaki na mistari arobaini hivi. Betri ya mama usiku uliofuata ilishuka asilimia 3.

Kuna vitu viwili vitakukwamisha hapo. Ruhusa ndo cha kwanza. Tangu Android 12 mwaka 2021 kengele za dakika kamili zinahitaji ruhusa ya SCHEDULE_EXACT_ALARM, na kuanzia Android 14 app mpya nyingi hazipewi ruhusa hiyo moja kwa moja, inabidi mtu aende kwenye mipangilio akubali mwenyewe, kwahiyo kabla ya kutega kengele uliza canScheduleExactAlarms, na kama jibu ni hapana mwambie mtu kwa maneno ya kueleweka kwanini unaomba. App za kengele na kalenda zenyewe zina ruhusa yao ya USE_EXACT_ALARM iliyoletwa na Android 13. Na Android 13 hiyohiyo ndo ilianza kutaka ruhusa hata ya kuonyesha notifikesheni, kwahiyo unaweza kuwa umetega kila kitu sawasawa na saa kumi ikifika app ikaamka, ikaonyesha notifikesheni ambayo haionekani, ikalala tena. Cha pili, simu ikizimwa na kuwashwa kengele zote ulizotega zimefutika. Zote. Inabidi usikilize BOOT_COMPLETED, tangazo la mfumo kuwa simu imeshawaka, uzitege upya kutoka kwenye kumbukumbu uliyoandika mahali salama. Hili nililigundua kwa bahati, kaka yangu alizima simu ya mama kuiwasha upya kwa sababu zake, mi niko pale nikaona kile kialama cha kengele hakijarudi.

Kuhusu mtandao ntasema kidogo tu ingawa ndo unakula chaji nyingi kwenye app za watu wengi. Ukituma kitu kidogo kwa data ya simu, hata baiti mia moja, redio ya simu inapanda kwenye hali ya kula umeme mwingi, ikishamaliza kutuma haishuki hapohapo, inabaki juu sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine, na huo ndo mkia wake. Kwahiyo ukituma vitu kumi kimoja kila dakika, umeulipia ule mkia mara kumi. Ukivikusanya ukatuma mara moja, umelipia mkia mmoja. Toleo langu la kwanza lilikuwa linatuma kumbukumbu za dozi kwangu kila dakika kumi, dozi ni tatu kwa siku! Sasa nimeiachia WorkManager, kifaa cha Android cha kupangia kazi za nyuma, itume mara moja kwa siku simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi. WorkManager kazi ya kujirudia haikubali chini ya dakika 15, na mtu akiniambia hizo ni nyingi mno kwa app yake namuomba anieleze ni nani yuko macho kuangalia hayo matokeo kila dakika.

Dada yangu ana iPhone akataka na yeye awe anapata taarifa za dozi za mama, nikajikuta naandika na huko. Dunia ya iPhone ni nyingine. Huko app ikienda nyuma ya pazia inagandishwa haraka, unaweza kuomba muda mfupi wa kumalizia ulichoanza, lakini kukaa unahesabu saa 8 huwezi hata ujaribu. Kwahiyo kosa langu la Handler lisingefika mbali huko, na kwa hilo naona Apple walifanya vizuri kukaza tangu mwanzo. Taarifa za muda unazikabidhi kwa mfumo kupitia UNUserNotificationCenter, mfumo unazitunza na kuzionyesha wenyewe app yako ikiwa imelala kabisa. Tatizo ni kwamba app moja mfumo unaitunzia taarifa 64 tu zinazosubiri, ukizidisha unabaki na zile za karibu zaidi nyingine zinaachwa bila kelele yoyote. Dozi tatu kwa siku ni siku 21 tu umeshajaza. Dawa ya siku kumi inaingia, dawa ya presha ya maisha haiingii, kwahiyo hapo unatega taarifa tatu zinazojirudia kila siku badala ya kutega kila moja peke yake.

Kazi za nyuma kwenye iPhone, mfano kupakua kitu kipya, zinaombwa kwa BGTaskScheduler tangu iOS 13 ya mwaka 2019, na mfumo ndo unaamua lini, unaangalia mtu anaitumia app saa ngapi, chaji iko vipi. Unaomba, mfumo haukupi ahadi. Na mtu akiwa ameiwasha ile hali ya kubana chaji, kazi hizi zinasimamishwa.

Kuna upande wa pili ambao sikuutaja, pale ambapo kweli unataka skrini isizimike. Kwenye app nina ukurasa wa maelekezo ya jinsi ya kuandaa dawa ya unga ya kuchanganya na maji, mikono ina maji, unasoma hatua kwa hatua, skrini ikizimika katikati ni kero. Hapa pia watu wanakimbilia WakeLock wakati haitakiwi. Kwenye Android unaweka FLAG_KEEP_SCREEN_ON kwenye dirisha la ukurasa huo tu, mtu akitoka ukurasani mfumo unajua wenyewe, hamna cha kusahau kuachia na hauhitaji ruhusa yoyote. Kwenye iPhone kuna isIdleTimerDisabled, hii inabidi uirudishe mwenyewe mtu akiondoka, na nimeshaona app imeisahau ikabaki na skrini inawaka mpaka mtu alipoigundua. Hata kurasa za wavuti siku hizi zinaweza, navigator.wakeLock, Chrome iko nayo tangu toleo la 84 mwaka 2020 na Safari ikafuata na 16.4 mwaka 2023, ila mtu akihamia kwenye kichupo kingine kufuli linaachiwa, akirudi inabidi uombe tena.

Sasa kupima, maana bila hii yote niliyosema ni maneno. Usipime na simu iko kwenye kebo ukaamini. Kama lazima kebo iwepo kuna amri ya kuidanganya simu kuwa haiko kwenye chaji, adb shell dumpsys battery unplug, unazima skrini, halafu adb shell dumpsys deviceidle force-idle inaisukuma kwenye Doze papo hapo bila kusubiri. Tega kengele ya dakika tatu mbele, uisukume, ukae uangalie. Ukimaliza deviceidle unforce na battery reset, usisahau hiyo ya mwisho maana simu itaendelea kuamini haiko kwenye chaji hata ukiichomeka. Halafu baada ya hayo yote chomoa kebo, iweke simu mahali pa kulala, ukalale na wewe. Mi sasa sitoi toleo jipya bila usiku mmoja mzima wa hivyo, asubuhi naangalia imelia saa ngapi na chaji imeshuka ngapi, hizo namba mbili naziandika pamoja kwa sababu moja bila nyingine inadanganya. Usiku wa kwanza ungenipa chaji nzuri na kengele mbovu, wa pili kengele nzuri na chaji mbovu.

Na kuna simu ambazo mtengenezaji ameongeza ukali wake juu ya ule wa Android, ukiifuta app kwenye orodha ya zilizofunguliwa inauliwa na kengele zake zote zinakwenda nayo. Simu ya shangazi ni ya hivyo, yeye pia anatumia app kwa dawa zake. Ilibidi nimfungulie mipangilio nimwonyeshe sehemu ya kuiruhusu app ijiwashe yenyewe, na njia ya kufika huko inatofautiana simu na simu. Hapo ndo naona nina haki ya kumuomba mtu aitoe app yangu kwenye ubanaji wa chaji, kwa sababu ni dawa. Google Play nao hawaruhusu kila app iombe hilo, na ni sawa, app ya kubadilisha picha ya ukutani ikiniomba ikeshe usiku nitaifuta.

Mama alimaliza siku zake kumi na dozi zote isipokuwa ile moja. Ameibakisha app kwa ajili ya dawa yake ya presha, na juzi akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo: je chaji ikiisha usiku? Kengele yoyote uitege vizuri namna gani, simu ikizimika hamna wa kulia. Kwahiyo toleo la sasa saa tatu usiku linaamka sekunde moja, linaangalia betri, na kama iko chini ya asilimia 20 na simu haijachomekwa linamwandikia: "Mama, nichomeke kwenye chaji, nina kengele yako ya saa kumi na mbili asubuhi."